Umeme wa Moyo: Tawi la Kulia Linapoziba

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hudunda baina ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku moja idadi hiyo hufikia midundo laki moja hivi, na kila mdundo hutanguliwa na umeme. Umeme huo ni hafifu, lakini huenea mwilini hadi kwenye ngozi, na mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo huweza kuuchora juu ya karatasi. Mchoro unaopatikana huitwa elektrokadiogramu. Daktari ausomaye mchoro huo huweza kujua mengi juu ya moyo ambao hajauona wala kuugusa.

Miongoni mwa mambo ambayo mchoro huo hudhihirisha ni hali iitwayo kuziba kwa tawi la kulia. Hali hii hupatikana kwa wagonjwa, na hupatikana pia kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Kijana huweza kwenda kupimwa afya kabla ya kuanza kazi, naye akarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba tawi la kulia la moyo wake limeziba. Maneno hayo aghalabu hutia hofu kuliko yanavyostahili. Kwa upande wa pili, yapo mazingira ambamo alama ile ile ni onyo la hatari lisilopaswa kupuuzwa hata kwa saa moja. Kwa hiyo yafaa ieleweke vyema alama hii ni nini, hutokea vipi, na humaanisha nini.

Jambo moja lapasa kubainishwa tangu mwanzo. Kinachoziba hapa si mshipa wa damu. Damu huendelea kupita kama kawaida. Kilichoziba ni njia ya umeme tu. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya watu wengi wadhani kwamba aliyeambiwa habari hii yumo katika hatari ya kufa ghafla.

NJIA ZA UMEME NDANI YA MOYO

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu, ambavyo hupokea damu, na viwili vya chini, viitwavyo ventrikali, ambavyo huisukuma. Ventrikali ya kulia hupeleka damu mapafuni. Ile ya kushoto huipeleka mwili mzima, na kwa sababu ya kazi hiyo kubwa ukuta wake ni mnene zaidi. Baina ya ventrikali hizo mbili kuna kiambaza cha misuli.

Umeme wa mdundo huanzia katika fundo dogo lililo juu ya chumba cha kulia, ambalo lilielezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Kutoka hapo huenea katika vyumba vya juu, kisha huwasili kwenye fundo la pili, lililo mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Fundo hili lilielezwa mwaka 1906 na Sunao Tawara, mtaalamu wa Kijapani aliyekuwa akifanya utafiti mjini Marburg, Ujerumani. Hapo umeme hucheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla vya chini havijaanza kusukuma.

Baina ya vyumba vya juu na vya chini kuna utando mgumu usiopitisha umeme. Daraja pekee la kawaida ni fungu la nyuzi linaloitwa fungu la His, kwa jina la Wilhelm His aliyelieleza mwaka 1893. Fungu hilo laweza kufananishwa na shina la mti uliopinduliwa, matawi yakiwa chini. Likifika juu ya kiambaza hugawanyika katika matawi mawili. Tawi la kushoto ni pana, na mara hujitandaza kama upepeo katika sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma. Tawi la kulia ni jembamba na refu. Huteremka upande wa kulia wa kiambaza kama kamba moja, bila kugawanyika, hadi karibu na mwisho wa safari yake. Mwishoni matawi yote mawili hugawanyika kuwa vitawi vidogo vidogo vilivyotandaa ndani ya kuta za ventrikali. Nyuzi hizo ziligunduliwa na Jan Purkinje mwaka 1839, wakati kazi yake ilipokuwa bado haijajulikana.

Umbo hilo la tawi la kulia lina maana kubwa. Kwa kuwa ni jembamba na refu, na sehemu yake imepita karibu na uso wa ndani wa moyo, jeraha dogo tu huweza kulikata. Hata ncha ya mrija mwembamba ambao madaktari huupitisha ndani ya moyo wakati wa uchunguzi huweza kuligusa na kulinyamazisha kwa muda.

Mwendo wa umeme katika njia hizi maalumu hukadiriwa kuwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Katika misuli ya kawaida ya ventrikali mwendo huo hushuka hadi karibu nusu mita kwa sekunde. Mwanafunzi aichukue tofauti hii na kuihifadhi, kwani ndiyo ufunguo wa jambo zima linaloelezwa hapa. Umeme ukisafiri sentimita 2 katika njia maalumu kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, hutumia sekunde 0.01. Ukilazimika kusafiri umbali huo huo katika misuli kwa nusu mita kwa sekunde, hutumia sekunde 0.04, yaani mara nne zaidi.

JINSI KARATASI INAVYOSOMWA

Augustus Waller alikuwa wa kwanza kurekodi umeme wa moyo wa binadamu, mjini London mwaka 1887. Hata hivyo, chombo chake hakikuwa sahihi vya kutosha. Aliyeleta chombo cha kutegemewa ni Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Galvanometa yake ya uzi ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na mtu aliyepimwa alitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo mashine ifanyayo kazi hiyo hubebwa kwa mkono mmoja.

Karatasi ya mashine hiyo imechorwa miraba na kwa kawaida hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Basi mraba mdogo wenye upana wa milimita 1 ni sawa na sekunde 0.04, na mraba mkubwa wenye upana wa milimita 5 ni sawa na sekunde 0.20. Kwa kimo, milimita 10 ni sawa na milivolti 1. Anayejua kugawanya na kuzidisha tayari ana nusu ya elimu inayotakiwa.

Kila mdundo huchora mawimbi yaliyopewa majina kwa herufi. Wimbi P ni la vyumba vya juu. Mawimbi ya QRS, ambayo huenda pamoja, ni ya ventrikali zinapoamshwa na umeme. Wimbi T ni la ventrikali zinaporejea katika hali ya utulivu. Katika kundi la QRS, mchongoko wa kwanza uendao chini kabla ya mwingine wowote huitwa Q. Uendao juu huitwa R. Uendao chini baada ya R huitwa S. Ukitokea mchongoko wa pili wa kwenda juu, huo huitwa R ya pili. Mchongoko ukiwa mdogo, huandikwa kwa herufi ndogo.

Mashine huutazama moyo kutoka pande 12. Pande sita hupatikana kwa waya za mikononi na miguuni, na sita kwa waya zinazowekwa kifuani, ziitwazo V1 hadi V6. Kwa makala haya vituo viwili vya kifua vinatosha. V1 huwekwa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, ukingoni mwa mfupa wa kidari, upande wa kulia. V6 huwekwa upande wa kushoto, chini ya kwapa. V1 hutazama upande wa kulia wa moyo, na V6 upande wa kushoto.

Kanuni ni moja: umeme ukielekea kwenye kituo, kalamu huchora kwenda juu, ukikipa kituo kisogo, kalamu huchora kwenda chini.

MDUNDO WA KAWAIDA

Katika mdundo wa kawaida kiambaza huamshwa kwanza, nacho huamshwa na tawi la kushoto. Kwa hiyo umeme wa mwanzo huenda kutoka kushoto kuelekea kulia. V1 huuona ukija, nayo huchora r ndogo. V6 huuona ukienda zake, nayo huchora q ndogo.

Kisha ventrikali zote mbili huamshwa kwa pamoja. Ya kushoto ikiwa nene zaidi, nguvu yake huimeza ile ya kulia, na jumla ya umeme huelekea kushoto. V1 huchora S ndefu, na V6 huchora R ndefu. Kazi yote humalizika chini ya sekunde 0.12, yaani kabla ya miraba mitatu midogo kutimia. Kwa watu wengi ni miwili hadi miwili na nusu.

TAWI LA KULIA LINAPOZIBA

Sasa tuseme tawi la kulia limekatika. Hatua ya kwanza haibadiliki, kwani kiambaza huamshwa na tawi la kushoto, ambalo ni zima. V1 huchora r ndogo kama ilivyo ada. Hatua ya pili pia huanza vyema: ventrikali ya kushoto hupata umeme kwa njia yake ya haraka, na V1 huchora S.

Tofauti iko kwa ventrikali ya kulia. Njia yake imekufa, lakini yenyewe haikuachwa. Umeme wa kushoto huvuka kiambaza na kupita ndani ya misuli ya kawaida, hatua kwa hatua, mpaka uufikie upande wa kulia. Safari hiyo ni ya polepole. Unapofika, ventrikali ya kushoto imekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi yake, na haipo tena nguvu ya kuumeza umeme wa kulia. Ndipo sauti ya ventrikali ya kulia, ambayo siku zote hufunikwa, husikika peke yake. V1 huuona umeme huo ukiijia na kuchora R ya pili, pana na aghalabu ndefu kuliko ya kwanza. V6 huuona ukienda mbali, nayo huchora S pana mwishoni.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote. Wanafunzi wapangwe safu mbili. Safu ya kwanza ipelekewe ujumbe na tarishi anayekimbia. Safu ya pili haina tarishi, hivyo mwanafunzi wa mwisho wa safu ya kwanza amnong'oneze jirani yake wa safu ya pili, naye amnong'oneze afuataye, hadi mwisho. Kila aliyepata ujumbe ainue mkono. Safu zote mbili zitapata ujumbe ule ule, ila ya pili itachelewa. Ndivyo ilivyo katika moyo: hakuna ventrikali iliyokosa amri ya kusukuma damu, moja tu imechelewa kuipata.

ALAMA ZA KUTAMBULIA

Kutokana na maelezo hayo, alama zenyewe hazihitaji kukaririwa, hujileta zenyewe. Kwa mtu mzima ni hizi:

1. Upana wa QRS ni sekunde 0.12 au zaidi, yaani miraba mitatu midogo au zaidi.
2. Katika V1 au V2 kuna michongoko miwili ya kwenda juu, ya pili kwa kawaida ikiwa kubwa. Umbo hilo hufanana na herufi M, au na masikio ya sungura.
3. Katika V6, na katika mchoro wa kwanza wa mikono, kuna S pana mwishoni mwa QRS.

Wimbi T katika V1, na mara nyingi katika V2 na hata V3, huelekea chini. Jambo hili si ugonjwa mwingine. Misuli iliyoamshwa kwa mpango usio wa kawaida hurejea katika utulivu kwa mpango usio wa kawaida vilevile.

Umbo likiwa ni hilo lakini upana ukiwa sekunde 0.11 hadi chini ya 0.12, husemwa kwamba tawi halikuziba kabisa. Tawi la kushoto likiziba, picha hugeuka: V1 huelekea chini kwa sehemu kubwa, na V6 huchora R pana isiyo na q mbele yake.

Uangalifu wahitajika. Waya za V1 na V2 zikiwekwa juu mno kifuani, huweza kuonekana r ya pili ambayo haina maana yoyote. Vijana wenye afya na wanamichezo huweza kuwa na r ya pili ndogo huku QRS ikiwa nyembamba kama kawaida. Tena ipo hali nyingine inayofanana na hii kwa mbali, iliyoelezwa na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992. Katika hali hiyo mstari unaofuata QRS katika V1 na V2 hubaki juu kisha huteremka kama mteremko wa kilima, na mwenye nayo huweza kupatwa na kifo cha ghafla. Ndiyo maana mchoro wa moyo husomwa na mjuzi, wala si kwa kulinganisha picha tu.

Daktari asiye na mashine naye ana njia. Sauti ya pili ya moyo hutokana na kufunga kwa vali mbili, moja ya kila ventrikali. Ventrikali ya kulia ikichelewa, vali yake nayo hufunga kwa kuchelewa, na sauti ya pili husikika imepasuka sehemu mbili zilizoachana kuliko kawaida, hasa mtu anapovuta pumzi.

KOSA LILILODUMU MIAKA ISHIRINI

Historia ya alama hii ina funzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi. Mnamo mwaka 1909 na 1910, Hans Eppinger na Julius Rothberger wa Vienna walikata matawi ya fungu la His katika mioyo ya mbwa na kurekodi michoro iliyotokea. Madaktari walichukua michoro ile ya mbwa na kuilinganisha na ya wagonjwa wao. Lakini moyo wa mbwa haukai kifuani kama wa binadamu. Matokeo yake, kwa muda wa miaka ishirini hivi, kilichokuwa kuziba kwa tawi la kushoto kwa binadamu kiliitwa cha kulia, na cha kulia kikaitwa cha kushoto.

Mwaka 1930 Barker, Macleod na Alexander, watafiti wa Marekani, walipata nafasi ya kuchunguza moyo wa mgonjwa uliokuwa wazi kwa ajili ya upasuaji. Waliuchochea kwa umeme sehemu mbalimbali na kuona mchoro wa kila sehemu. Majina yaliyozoeleka yalionekana kuwa kinyume. Frank Wilson na wenzake walilithibitisha jambo hilo katika miaka iliyofuata kwa kutumia vituo vya kifuani. Majaribio ya mbwa hayakuwa ya uongo. Lililokosewa ni kudhani kwamba lililo kweli kwa mnyama mmoja ni kweli kwa mwingine bila ya kuhakikisha.

VISABABISHI NA MAANA YAKE

Watu wengi wenye alama hii hawana ugonjwa wa moyo. Idadi yao huongezeka kwa umri. Katika mji wa Göteborg, Uswidi, wanaume 855 waliozaliwa mwaka 1913 walifuatiliwa kwa miaka 30 tangu walipokuwa na umri wa miaka 50. Mwanzoni, asilimia 1 tu walikuwa na tawi lililoziba, la kulia au la kushoto. Walipofika miaka 80, asilimia ilikuwa 17. Nyuzi za umeme, kama viungo vingine, huchakaa.

Visababishi vingine ni vile vinavyoutwika mzigo upande wa kulia wa moyo. Magonjwa ya muda mrefu ya mapafu ni miongoni mwavyo. Kichocho cha matumbo kilichoachwa bila kutibiwa kwa miaka mingi huweza kudhuru mishipa ya mapafu na kuupandisha mkazo wa damu huko. Watoto waliozaliwa na tundu baina ya vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huwa na alama hii, hasa ile isiyo kamili. Katika Amerika ya Kusini na ya Kati kisababishi mashuhuri ni ugonjwa wa Chagas, unaoenezwa na kunguni wakubwa wa huko. Upasuaji wa kuziba tundu baina ya ventrikali nao huweza kulikata tawi hilo.

Hatari hujitokeza alama inapozuka ghafla pamoja na dalili nyingine. Ikizuka kwa mtu mwenye maumivu makali ya kifua, huweza kumaanisha kwamba mshipa unaolisha kiambaza umeziba, na sehemu kubwa ya moyo imo katika kufa. Ikizuka kwa mtu aliyeshikwa na kutweta kwa ghafla, huweza kumaanisha kwamba donge la damu limekwama mapafuni. Wote wawili wapelekwe hospitali bila kuchelewa. Vilevile mtu ambaye tawi lake la kulia limeziba, na sehemu moja ya tawi la kushoto pia, anategemea njia moja tu iliyobaki. Akianza kuzimia, lazima achunguzwe. Huenda akahitaji kifaa cha kuongoza mapigo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo.

Ama yule kijana asiye na dalili yoyote, mwenye moyo uliochunguzwa na kuonekana mzima, hahitaji dawa wala kuacha kazi. Alifaalo ni kuitunza karatasi yake. Siku akiumwa, daktari atakayemwona atajua kwamba alama ile ni ya zamani, na hatapoteza wakati kuitafutia kisababishi kipya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika mchoro mmoja, QRS ina upana wa miraba midogo mitatu na nusu, na umbali baina ya mdundo na mdundo ni milimita 20. Tafuta upana wa QRS kwa sekunde, na idadi ya midundo kwa dakika. (Majibu: sekunde 0.14; midundo 75.)
2. Eleza kwa nini r ndogo ya mwanzo katika V1 haipotei tawi la kulia linapoziba.
3. Kwa nini V6 huchora S pana wakati huo huo V1 inapochora R ya pili?
4. Jadilini darasani: ni hatua gani ya uchunguzi iliyokosekana baina ya mwaka 1910 na 1930, hata kosa la majina likadumu miaka yote hiyo?